Nyota ya Profesa na Sharti la Watu Wawili

Mmeniambia niandike, nami sikukataa, kwa sababu nimestaafu juzi tu na mikono yangu bado haijui la kufanya jua likizama. Mume wangu Rajabu ananiambia nikae, nitulie, nitazame tamthilia kama wanawake wenzangu. Nimejaribu. Giza likianza kuingia natoka uani kutazama mawingu, narudi ndani, natoka tena, mpaka ananiuliza kama kuna mtu namsubiri.

Naandika Kiswahili makusudi. Najua siku hizi hapo kilimani, kwenye kituo chetu cha nyota, mko wengi mnaokielewa, wa Dar, wa Mombasa, wa Lubumbashi, na yule kijana wa Bujumbura anayechanganya na Kifaransa mpaka darubini yenyewe inachoka. Wenzenu wengine mtawatafsiria. Kiingereza changu ni cha kazini: kinajua kusoma vipimo na kuagiza vipuri, kucheka hakijui. Wala msitegemee habari za vyeo. Vyeo vyangu viko kwenye faili ofisini, anayevitaka akavisome huko.

Nilifika Johannesburg na cheti cha ufundi wa redio nilichokipata Tanga. Rajabu alikuwa ametangulia, anauza vipuri vya magari, na tulipanga chumba Yeoville, chini kabisa ya kilima cha mawe ambacho juu yake kuna lile kuba jeupe. Kazi ya redio haikuwepo. Nikawa nasuka watu nywele katika saluni, na mteja mmoja aliyekuwa akifanya usafi kule juu akaniambia, "Dada, wale wazungu wa nyota wanatafuta mtu anayejua nyaya." Nikamaliza kichwa cha yule mama, nikavua aproni, nikapanda kilima kwa miguu.

Mlango alinifungulia mkurugenzi mwenyewe, Profesa Tiernan, mtu wa Ayalandi, mrefu, sweta limetoboka viwiko vyote viwili. Nilidhani ni mlinzi. Akaniuliza kama najua kulehemu nyaya, nikasema najua. Akaniuliza kama najua kunyamaza. Nikamwambia, "Profesa, mimi ni mtu wa Tanga. Kulehemu nimesomea, kunyamaza nitajifunza." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanitoa nje, giza lilikuwa ndiyo linaingia, akanionyesha nyota mbili zilizo jirani. Ipi inang'aa zaidi? Nikasema ya kushoto. Akakunja uso kama nimekosea mno, akauliza tena. Nikatazama tena, nikasema ya kushoto. Akauliza mara ya tatu, safari hii kwa ukali kidogo. Nikamjibu, "Profesa, hata ukiuliza mpaka alfajiri, ni ya kushoto." Akasema nianze kesho.

Baadaye nilijua kwamba waliokuja kabla yangu walibadilisha jibu walipoona uso wake. Huo ndio uliokuwa mtihani, nyaya zilikuwa kisingizio.

Mtaani ilikuwa vituko. Mke wa mtu anaondoka magharibi, anarudi usiku, akiulizwa anasema alikuwa anatazama nyota! Rajabu alisemwa sana, masikini, na hakunificha aliyosikia, lakini hata siku moja hakuniambia niache. Wanawake wengine waliamini mimi ni mpiga ramli wa wazungu. Walikuja kunigongea wakitaka niwaambie waume zao wako wapi jioni zile. Nikawaambia nyota hazijui. Wakanipa majina ya kutosha, wakanuna, wakaenda kwa mwingine anayejua.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ninyi mmekuta kamera zinafanya kila kitu na mnadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kamera tulikuwa nayo, ila Profesa alitaka na macho pia. Ziko nyota zinazobadilika mwanga. Ili ujue yako imebadilika, unatafuta jirani zake ambazo mwanga wake unajulikana, moja inayong'aa zaidi na moja inayong'aa kidogo, unaiweka yako katikati, na unasema iko karibu na ipi, kwa kiasi gani. Basi. Inaonekana kazi ya mtoto. Jaribuni mkiwa na baridi ya Juni, shingo imepinda, na harufu ya grisi puani.

Aliyonifundisha bado nayashika. Tochi ifungwe kitambaa chekundu. Kioo cha darubini kisisuguliwe, kimwagiwe maji na pamba ipitishwe kwa uzito wake wenyewe. Nyota nyekundu usiikodolee macho: ukiitazama muda mrefu inajikusanyia mwanga jichoni, unaiona kubwa kuliko ilivyo. Itupie jicho, uhame. Na nyuki wakihamia kwenye mlango wa kuba, usiwaombe wanaume wa ofisini msaada, watakimbia. Mwite mtu wa nyuki. Mimi niliwapisha siku nzima, nikaumwa shavuni, na jioni nikafanya kazi kwa jicho moja.

Juu ya yote hayo kulikuwa na sharti la watu wawili. Nyota ikibadilika, haitangazwi nje mpaka watu wawili waione, kila mmoja peke yake, bila kuambiana. Wa kwanza akishuka ngazi, wa pili anapanda, na wakipishana hata uso usiseme kitu. Kwangu hapo palikuwa pagumu, maana uso wangu haujawahi kuweka siri. Tulikuwa tukipishana na Profesa tumeinamisha vichwa kama mtu na mama mkwe wake. Tukishashuka wote ndipo kila mtu anasema alichoona. "Jicho moja linaona linachotaka," alikuwa akisema. "Yakiwa mawili yasiyosikilizana, tunaweza kuanza kuzungumza."

Profesa alikuwa na nyota yake. Ina namba ndefu katika orodha, ila mimi niliiita Bi Harusi na jina likashika. Iko upande wa Msalaba wa Kusini, nyeupe, ina ubuluu ndani yake. Ina mwenzi asiyeonekana, wingu kubwa la vumbi linaloizunguka polepole mno, na mara moja katika miaka thelathini na kitu lile wingu linapita mbele yake. Bi Harusi anavutiwa ushungi, anafifia miezi mingi, halafu anafunuliwa. Profesa alisimuliwa habari hiyo na mwalimu wake akiwa kijana kwao, na kwao nyota hiyo haichomozi kabisa, iko chini ya dunia. Akafunga virago akaja kusini kwa ajili yake. Alipofika, ushungi ulikuwa umeondoka mwaka uliotangulia.

Hebu fikirini. Mtu amehama nchi kwa ajili ya kitu kimoja, amekikosa kwa mwaka mmoja, na sasa anakaa kusubiri kijacho mpaka awe mzee. Nilimuuliza kama hakukata tamaa. Akasema, "Bi Mwajuma, mimi nimekulia mahali ambapo mvua hainyeshi, inaishi. Kule tunaamini nyota kwa imani tu. Kusubiri kwenye anga safi ni starehe." Akanywa chai yake. Chai ya maziwa, nzito, kama ya kwetu. Kwa hilo tulielewana tangu siku ya kwanza.

Miaka ikaenda. Wanafunzi walikuja wakawa madokta wakaondoka. Taa za mji zikaongezeka mpaka nyota ndogo zikatupotea moja moja. Bi Harusi tuliendelea kumwona, na ulipokaribia wakati wake, hakuna aliyejua ataanza mwaka gani hasa, maana rekodi za zamani zilikuwa na utata. Profesa alikuwa na miaka sabini na zaidi. Mkataba wake ulikuwa unaongezwa mwaka hadi mwaka, na kila mara wakubwa walisema huu ndio wa mwisho.

Kiangazi hicho radi ilitupiga. Ninyi mnazijua radi za hapa. Ilipiga nguzo, ikapita kwenye nyaya, ikaunguza kamera yetu yote. Nilikaa na vipande vyake mezani, nikanusa ile harufu, nikajua siwezi kuifufua. Ikapelekwa ng'ambo kutengenezwa. Baridi ilipoingia wanafunzi walikwenda likizo, tukabaki mimi na Profesa na macho yetu manne.

Jioni moja ya Juni alishuka ngazi mbio. Mzee yule, mbio! Akavunja sharti lake mwenyewe hapo hapo. "Imeanza," akasema. "Bi Mwajuma, imeanza!" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akaniambia amekuwa akiiona ikififia kidogo kidogo tangu Machi, hakutaka kusema mpaka awe na hakika. Tangazo alikuwa ameshaliandika. Lilikuwa linangoja mtu wa pili.

Nikapanda. Wallahi, nilitaka kuiona imefifia kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikatazama jirani yake mkubwa, ile nyekundu, nikahama. Nikatazama Bi Harusi. Nikarudia. Nikafumba macho, nikasoma Bismillahi, nikarudia tena. Alikuwa vile vile. Vile vile kama alivyokuwa mwaka jana na mwaka juzi.

Nikashuka. Alikuwa amesimama chini ya ngazi amekunja mikono kifuani kama mtu aliye hospitalini anangoja daktari atoke.

"Haya?" akauliza.

"Haijafifia, Profesa."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia mara tatu. Iko palepale."

 Akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia tangu nimjue. "Jicho lako limechoka. Nenda nyumbani."

Nilikwenda nyumbani nikilia njia nzima. Rajabu akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamweleza, naye akasema neno la busara ya mume, "Si ungemwambia tu ndiyo? Mzee wa watu, miaka yote hiyo." Nikamwambia, thubutu! Tangazo likitoka, darubini za dunia nzima zitageuka kumtazama Bi Harusi. Zikimkuta uso wazi, watamcheka mzee, na kicheko hicho ndicho kitakachobaki kwenye jina lake. Na nikisema hapana kila siku, na kumbe jicho langu ndilo bovu, nimemnyima kitu alichohamia nchi kwa ajili yake. Sikulala vizuri wiki hizo, nawaambia kweli.

Tuliendelea hivyo karibu baridi yote. Yeye anapanda, anashuka, anasema imefifia zaidi. Mimi napanda, nashuka, nasema bado. Chai tulikunywa kimya. Alikuwa mkurugenzi, angeweza kulituma lile tangazo peke yake, nani angemzuia? Hakulituma. Alikuwa amenikasirikia mpaka hataki kunipa sukari, na bado hakulituma. Hilo ndilo ninalotaka mlijue juu yake kuliko mengine yote.

Sasa sikieni lilivyotatuka, na mtacheka. Mnyororo wa kuba ulimchania koti lake mfukoni. Kwenye jengo letu Yeoville, ghorofa ya chini, kulikuwa na fundi cherehani wa Lubumbashi, Papa Dieudonné, mtu wa maneno na wa mkono safi. Profesa akaniomba nimpeleke. Tukashuka kilima mchana ule bila kuongea, yeye mbele mimi nyuma.

Papa Dieudonné akalichukua koti, akatoa uzi, akasema ni wa bleu. Profesa akalisikia neno hilo, akasema kwa Kiingereza, "Hapana, nataka uzi mweusi. Koti ni jeusi." Nikatafsiri.

"Hapana, Papa Professeur," fundi akasema. "Hii koti iko bleu. Bleu marine. Haiko noir hata kidogo."

Profesa akasema koti amelinunua mwenyewe na anajua rangi yake. Papa Dieudonné akacheka, akalipeleka dirishani kwenye jua, akaweka juu yake rili ya uzi mweusi. "Ona. Noir njo hii. Koti iko bleu. Mama Mwaju, sema wee, ao minakosea?"

Nikanyamaza. Mazoea ya ngazi yalinishika. Profesa akageuka. Alikuwa anatazama uzi, anatazama koti, na nilimwona uso unaanza kubadilika.

"Bi Mwajuma. Unaona nini?"

"Koti la buluu, Profesa. Na uzi mweusi."

Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, polepole, katikati ya magunia ya vitambaa. "Mimi naona vyeusi viwili," akasema.  Halafu akasema, si kwangu, kama anajisomea, "Jirani yake ni nyekundu."

Hapo na mimi nikaelewa. Mtoto wa jicho. Jicho la mzee linaingia unjano kama chupa ya mafuta, linameza buluu na kuiachia nyekundu ipite. Jirani mwekundu alibaki na mwanga wake wote. Bi Harusi, mwenye ubuluu wake, alikuwa akifa kidogo kidogo, lakini ndani ya jicho la Profesa peke yake.

"Baridi nzima," akasema, "nimekuwa nalitazama jicho langu." Na akaanza kucheka. Alicheka akajifuta machozi, na sijui yalikuwa ya nini. Papa Dieudonné, ambaye hakuelewa chochote, akaniuliza, "Sasa Mama, nitie uzi gani?"

Njiani kurudi tulitembea pamoja, ubavu kwa ubavu. Akaniambia, "Ungesema ndiyo, ningetuma." Nikamwambia, "Nisingesema." Akasema, "Najua. Ndiyo maana nilikukasirikia." Kisha akasimama hapo barabarani, teksi zinapiga honi, akanipa mkono. Lo! Nilijiona mrefu siku hiyo. Hata leo nikiandika najiona mrefu.

Alipasuliwa macho yote mawili, moja baada ya jingine. Alipofunguliwa la pili ilikuwa Oktoba, na mijakaranda ya mji huu mnajua inavyokuwa mwezi huo. Alifika kazini amechelewa. Alikuwa amesimama chini ya mti barabarani, kichwa juu, watu wanampita. "Kumbe bado ina rangi hii," akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyemficha.

Bi Harusi hakuanza mwaka huo. Wala uliofuata. Moyo wa Profesa ukaanza kumsumbua, daktari akasema mji huu uko juu mno kwake, ashuke. Mkataba ukakataa kuongezwa. Mke wake akafunga vitu. Siku ya kuondoka alipanda ngazi za kuba kwa kupumzika kila hatua chache, akaitazama nyota yake, akashuka. Nilidhani atanipa maneno makubwa. Akaniambia nisisahau grisi ya mnyororo, na kwamba sharti ni lile lile.

Akaenda kwao, kwenye mvua inayoishi, mahali ambapo Bi Harusi yuko chini ya miguu ya watu.

Ilianza baridi iliyofuata. Nilitazama jioni moja, nikahisi kitu. Nikatazama tena jioni kadhaa zilizofuata, na ya mwisho sikuwa na shaka tena.  Nikashuka, nikampigia simu.

"Profesa, imeanza."

Akauliza, "Nani wa pili?"

"Bado. Nomsa yuko zamu kesho."

"Basi hujanipigia," akasema, akakata simu.

Nomsa mnamfahamu, ndiye anayewapangia zamu leo. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Soweto mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi. Kesho yake nilikuwa nimeinamisha kichwa alipopanda, nimeuma midomo. Alikaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka akasema, "Eish, Mama Mwaju. Kuna kitu hakiko sawa na Bi Harusi." Akataja alichoona. Kilikuwa kile kile nilichoona mimi. Nikampigia kelele za furaha mpaka akaniogopa.

Nikapiga simu tena, nikiwa nimeshamwambia Nomsa akae karibu.

"Mko wawili?" akauliza.

"Tuko wawili, Profesa."

  Nikasikia anavuta pumzi, na kwa mbali sauti ya mke wake inauliza kuna nini. Akaniambia nimweleze. Nikamweleza yote, anga lilivyokuwa, jirani mwekundu, jirani mdogo, Bi Harusi kati yao. Kila nikiruka kitu alinirudisha. Mwisho akasema, "Asante. Nimeelewa."

Nikamwambia tangazo tayari, lile lile aliloliandika yeye, nimebadilisha tarehe tu. Jina lake nimeliweka la kwanza, halafu langu, halafu la Nomsa.

"Liondoe," akasema.

"Profesa, hii ni nyota yako! Umeingoja maisha yako yote."

"Sikuiona, Bi Mwajuma. Andika walioiona."

Nilibisha. Nililia kwenye simu kama mtoto, Nomsa ananitazama. Hakupandisha sauti, wala hakubadilisha neno. Basi nikakaa mezani, nikalifuta jina la Profesa Tiernan, nikabakiza mawili, nikatuma.